Kadi za mkono: krayoni, maji ya rangi na mihuri ya kandambili. Niliharibu 40, njooni niwaambie nilipokosea (Mwanza)

#1 Mama Kulwa (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Wa kwetu Mwanza, mwadila.

Nina kibanda cha steshenari na kutoa kopi huku Igoma. Mwezi wa kumi alikuja mama mmoja akataka kadi 40 za kuwatakia heri vijana wa kidato cha nne wa jumuiya yao kabla hawajaingia kwenye mtihani wa Novemba. Zile za dukani zenye waridi la kumetameta na Kiingereza kirefu hakuzitaka. "Nataka za mkono," akasema, "mtoto akiiona ajue imetoka Mwanza." Nikakubali palepale. Krayoni nauza mwenyewe, karatasi nauza mwenyewe, mikono ninayo.

Nikachonga muhuri wa mtumbwi kwenye soli ya kandambili kuukuu ya baba Kulwa (hajui mpaka leo). Nikagonga mitumbwi kwenye kadi zote kwa wino wa pedi ya ofisini. Nikachora mawimbi na taa kwa krayoni. Kisha nikachukua brashi na maji ya rangi ya bluu nipake ziwa.

Ndugu zangu, mitumbwi yote 40 ilizama usiku ule. Wino ulikuwa wa maji, ulipokutana na maji mwenzake ukatambaa mpaka ukingoni mwa karatasi. Kulwa akaniuliza, "Mama, huu ni moshi?" Doto akamwambia siyo moshi, ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi. Nilicheka huku machozi yananitoka.

Nimerudia siku tatu mpaka nikaelewa kwamba kazi yote ipo kwenye mpangilio. Nta kwanza, maji yafuate, muhuri mwisho kabisa karatasi ikiwa imekauka hadi ukiigusa na shavu huisikii ubaridi. Shavu, siyo kidole. Kidole kinadanganya.

Krayoni ni nta iliyotiwa rangi, na nta haikubali maji. Ukipitisha maji ya rangi juu yake yanakimbia, yanakwenda kujaa pale palipoachwa wazi. Ila lazima ukandamize. Ukichora kwa mkono mwepesi nta inashika juujuu, maji yanapata njia ya kupenya katikati, na mchoro unatoka kama umeugua ukurutu. Mimi naweka gazeti chini ya karatasi ili isiwe juu ya meza ngumu, nakandamiza, narudia mstari mara mbili.

Kadi iliyonirudishia heshima ni hii: unachora vitone vya njano mstari mmoja katikati ya karatasi, na chini ya kila kitone mkwaruzo mfupi wa njano ulioyumbayumba. Ukiziangalia hivyo hazina maana. Halafu unapitisha bluu iliyokolea, karibu na nyeusi, kutoka juu hadi chini. Usiku unaingia, na vile vitone vinageuka taa za wavuvi wa dagaa zikiwa ziwani. Mliowahi kukaa kwenye mawe ya Capri Point saa mbili usiku mnajua ninachosema, unaona kama kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Mwenye ujuzi wake aulete. Na mwenye maswali aulize, nipo.

#2 dagaa_mkavu

Nimeweka kiti mbele kabisa. Uzi bila picha lakini nimeuona.

#3 Mjomba wa Pasiansi

Mama Kulwa samahani, nani siku hizi ananunua kadi? Ukimaliza kugonga mitumbwi yako, mwenzio ameshatuma ya WhatsApp kwa watu 200, bure, na ina muziki.

#4 Mama Kulwa

Mjomba, hizo 200 umezifungua ngapi mwaka huu? Mimi ya kwanza niliyoandikiwa na marehemu bibi yangu nikiwa darasa la saba bado ipo, ndani ya Biblia. Sikatai simu, kadi za michango ya harusi mwenyewe nazipokea huko na kuna nyingine najifanya sijaziona.

#5 Binti wa Ukerewe

Shikamoo mama Kulwa. Nimejaribu leo na wadogo zangu. Nta yetu imekataa kukataa maji 😂 Rangi imeshika kila mahali, juu ya krayoni na pembeni. Tumekandamiza mpaka krayoni mbili zimekatika. Tumekosea wapi?

#6 Mama Kulwa

Marahaba mwanangu. Niambie vitu viwili. Maji ya rangi ulikoroga mazito kiasi gani? Na brashi uliiosha na nini?

#7 Binti wa Ukerewe

Mazito kama uji wa mgonjwa. Brashi niliiloweka kwenye sabuni ya unga maana ilikuwa imekauka na rangi ya zamani.

#8 Fundi Batiki

Naomba nijibu mimi, miaka mingi mikono yangu imo kwenye nta ya vitambaa.

Binti, sabuni ndiyo mchawi wako. Kazi ya sabuni ni kuyapatanisha maji na mafuta, ndiyo maana inatoa mafuta kwenye sahani. Ikibaki hata kidogo ndani ya brashi, maji yanaishika nta badala ya kuikimbia. Suuza brashi mpaka maji yasitoe povu hata ukiyapiga. Halafu uji wako upunguze. Uwe mwepesi kama chai ya rangi, uone karatasi kupitia humo. Ukitaka giza zaidi, ongeza rangi kwenye maji bila kuyafanya yawe tope. Rangi nzito inakaa juu ya nta kwa uzito wake tu na inakaukia hapo.

Pitisha brashi mara moja, upande mmoja, usirudi nyuma kusugua. Vitone vitakavyobaki vimesimama juu ya nta kama umande, viguse na ncha ya tishu vinyonywe. Usifute, gusa.

Na hii ya mama Kulwa, kwa wasiojua, ni ndugu wa batiki. Kule tunayeyusha nta na kuipaka kwenye kitambaa, tunatumbukiza kwenye rangi, na palipo na nta hapaingii kitu. Sisi huchanganya nta ya nyuki na ile ya mishumaa. Ya mishumaa ni kavu, inapasuka, ya nyuki inang'ang'ania. Ile mistari myembamba kama mizizi unayoiona kwenye batiki ni nta iliyopasuka, rangi ikapita humo.

Sasa fanyeni hivi kwenye karatasi: paka krayoni eneo lote, nzito, usiache wazi. Ifinyange kwa mkono kama unataka kuitupa. Ifungue taratibu, ilaze, pitisha rangi nyeusi nyepesi. Itaingia kwenye kila mkunjo. Ukiwa umetumia krayoni ya kijivu na kahawia utapata jiwe. Mwanza hii tumezungukwa na mawe, kadi ya Jiwe la Bismarck inajichora yenyewe.

#9 Mama Kulwa

Fundi wabeja sana!! Nimeacha kupika nikajaribu. Jiwe limetoka na nyufa zake. Wali umeungua.

#10 dagaa_mkavu

Tuma wali huo soko la Mwaloni tuuchanganye na dagaa.

#11 Mwalimu wa Nyakato

Nafundisha darasa la tatu, watoto 70 na zaidi, krayoni haziwatoshi. Kwa wenye hali kama yangu, mshumaa mweupe unatosha. Kata vipande, kila mtoto kipande chake, wachore kwenye karatasi nyeupe. Hawaoni kitu. Wanabadilishana karatasi, kila mmoja anapaka maji ya rangi kwenye ya mwenzake na ujumbe unatokea. Siku ile nilishindwa kuwanyamazisha, na mwalimu mkuu alikuja kuangalia kuna nini.

Penseli za rangi za mbao msihangaike nazo, nta yake ni kidogo mno. Krayoni za bei ya chini, zile watoto wanazolalamika kwamba hazitoi rangi, hapa ni nzuri tu kwa sababu karibu zote ni nta.

Kuhusu mihuri, kandambili sikuwahi kuifikiria. Mimi hutumia vitu vya sokoni. Bamia lililokatwa kati linatoa ua. Shina la mgomba, au ule mkono wa jani, ukilikata kwa kukingama, linatoa vyumbavyumba kama sega la nyuki. Kitunguu kinatoa duara ndani ya duara. Kiazi ndicho kinachochongeka, lakini kina maji yake ya wanga yanayoifukuza rangi, kwa hiyo ukishachonga kilaze kifudifudi juu ya kitambaa kama robo saa kabla ya kukitumia. Na kinakufa haraka. Kesho yake kimesinyaa, ua limekuwa buibui.

#12 Mjomba wa Pasiansi

Kiazi kikibaki mnafanya michembe (vipande vya kiazi vya kukausha) ya rangi au vipi

#13 Mwalimu wa Nyakato

Mjomba ulisema kadi hazina maana lakini kila ukurasa upo.

#14 Mama Kulwa

Mwalimu shikamoo. Hilo la kiazi nililiona nikakimbilia kandambili. Niongeze hapo maana ndipo nilipozama zaidi.

Soli ya kandambili ni laini, haina vinyweleo vikubwa, wembe unapita, na wino inaushika sawasawa. Ikate iwe ya mraba kwanza, ioshe na sabuni (hapa sabuni ruksa, ila isuuzwe), chora kwa kalamu, kisha chonga usichokitaka. Upande wa chini wenye vijimistari vya kuzuia utelezi msiutupe, ule peke yake ni muhuri wa mawimbi. Bandika kwenye kibao au kizibo cha chupa cha plastiki ili upate pa kushika.

Maandishi lazima uyachonge kinyume. Nilichonga HERI vizuri, nikafurahi, nikagonga, ikasomeka kama Kirusi. Dawa yake andika kwa penseli nzito kwenye karatasi, ilaze kifudifudi juu ya soli, sugua kwa nyuma na kijiko. Maandishi yanahamia yakiwa yamegeuka tayari.

Wino wa pedi unatosha kwa kuwa sasa unakuja mwisho na hakuna maji tena baada yake. Lakini sikieni: muhuri hauwezi kukaa juu ya krayoni. Nta iliyofukuza maji itaufukuza na wino. Unaonekana umeshika, jioni ukipitisha kidole mtumbwi umekufuata. Kwa hiyo pale utakapogonga, acha pasiwe na nta tangu mwanzo. Mimi naweka alama ndogo ya penseli, "hapa mtumbwi", na krayoni haivuki hapo.

#15 Bahasha Tupu

Naomba kuuliza cha kijinga. Nimetengeneza kadi 10 nzuri, nimekwenda kununua bahasha, haziingii.

#16 Mama Kulwa

Siyo cha kijinga, mimi nauza bahasha na bado kilinipata. Chukua karatasi nene ya A4, ikate nusu, kila nusu ikunje katikati. Unapata kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8. Bahasha yake inaitwa C6, ni 11.4 kwa 16.2, kadi inaingia na nafasi ya kupumua. Ukiikunja A4 nzima, bahasha yake ni C5. Nenda dukani na kadi mkononi, usiende na kumbukumbu.

Unene: ya kutolea kopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, hiyo ikilowa inakuwa chapati. Kuanzia 160 kwenda juu ndiyo kadi. Manila inafaa. Ile karatasi yenye kung'aa usoni achana nayo, maji yanateleza hata pasipo na nta.

#17 Fundi Batiki

Na kabla ya kukunja, tafuta mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ina nyuzi kama kitambaa. Ikunje kidogo kwa urefu bila kuivunja, kisha kwa upana, utasikia upande mmoja unakubali kirahisi. Kunja kufuata huo. Ukikunja kinyume, mgongo wa kadi unapasuka na rangi inabanduka. Pitisha kwanza kalamu iliyoisha wino kwa rula, ndipo ukunje.

#18 Binti wa Ukerewe

Nimerudi. Nimesuuza brashi mara nne, nimepunguza rangi. IMEKUBALI. Mdogo wangu ametupia chumvi ya mawe kwenye rangi ikiwa mbichi, nikamgombeza, ilipokauka tukaikung'uta tukakuta kila punje imeacha kinyota. Sasa nyota ziko juu na taa ziko chini. Nimemwomba radhi.

Ila kadi zimejipinda kama maganda.

#19 Mama Kulwa

Hongera mama! Kujipinda kawaida, upande mmoja umekunywa maji mwingine haujakunywa. Wakati wa kupaka zibandike kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi pande zote nne, uzitoe zikishakauka. Kama zimeshajipinda, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo sana mgongoni, zipange katikati ya magazeti, weka tofali juu, lala. Asubuhi zimenyooka. Huku kwetu kipindi cha mvua usiku mmoja hautoshi, mimi hulaza siku mbili.

#20 Msomaji wa Butimba

Huwa nasoma bila kuchangia lakini hapa acha niseme. Mnajua kadi ya kwanza ya UNICEF ilichorwa na mtoto? Mwaka 1949, binti wa miaka 7 wa Chekoslovakia, Jitka Samková. Kijiji chao kilikuwa kimesaidiwa baada ya vita, akachora watoto wakicheza kuzunguka mlingoti. Hakuwa na karatasi. Alichora kwenye kipande cha kioo.

Mwalimu, wale 70 wako na mishumaa yao wako pazuri.

#21 Mwalimu wa Nyakato

Nitawasimulia kesho asubuhi. Kioo siwapi.

#22 Mzee wa Karabai

Mleta uzi, nimeona picha uliyoweka kwenye status yako (mke wangu ni mteja wako). Kadi nzuri. Lakini ile yenye mwezi mkubwa umeitoa wapi?

#23 Mama Kulwa

Shikamoo mzee. Hizo ni oda mpya ya Krismasi, 14 nimeziwekea mwezi kwa krayoni nyeupe, duara kamili, juu ya taa za dagaa. Nimeona zimependeza.

#24 Mzee wa Karabai

Marahaba. Zimependeza lakini ni uongo.

Mimi nimevua dagaa tangu enzi za karabai za mafuta ya taa, kabla ya hizi za betri na sola. Dagaa anafuata taa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni jeupe, taa yako haina kazi, dagaa wametawanyika. Siku hizo tunashona nyavu, tunalala na familia zetu. Watu wa Mwaloni wanalijua hilo kwa bei tu, mbalamwezi ikiingia dagaa anapanda. Ukimpelekea kadi hiyo mtu wa visiwani atacheka kabla hajasoma jina lake.

#25 dagaa_mkavu

Mzee amefunga hoja. Mimi kama dagaa nathibitisha.

#26 Mama Kulwa

Jamani. Nimezaliwa hapahapa, taa hizo nimeziangalia maisha yangu yote, sijawahi kujiuliza kwa nini siku nyingine hazipo.

Sasa 14 nifanyeje? Kugonga muhuri juu ya mwezi haiwezekani, nimeshawaambia wenyewe nta haishiki wino. Kukwangua na wembe nimejaribu moja, karatasi imeota manyoya.

#27 Fundi Batiki

Pasi. Tunavyoitoa nta kwenye kitambaa. Weka gazeti chini, gazeti juu (lililochapwa siku nyingi, jipya litakuachia habari kwenye kadi), pasi ya moto wa wastani, isiwe na mvuke. Kandamiza hesabu tano, inua, badilisha gazeti. Utaona nta imehamia. Usiburuze pasi. Haitatoka yote, nikuahidi hilo, kuna itakayobaki ndani ya karatasi. Kisha pitisha bluu tena hapo.

#28 Mjomba wa Pasiansi

Wakati tunasubiri pasi: nilisoma kwamba Wajapani tangu karne ya 19 wanampaka samaki wino na kumchapa kwenye karatasi, wavuvi waweke kumbukumbu ya walichovua. Inaitwa gyotaku. Sisi tuna sato na sangara tunahangaika na kandambili!

Nimemchukua sato mmoja Kirumba, nimemsugua chumvi kutoa utelezi, nimemfuta mpaka mkavu, nimempaka rangi ya chakula, nimelaza karatasi na kukandamiza kwa vidole. Magamba yote yametoka, hadi mapezi. Naomba radhi kwa maneno yangu ya ukurasa wa kwanza.

#29 Binti wa Ukerewe

Halafu sato mkamfanyaje?

#30 Mjomba wa Pasiansi

Nilitumia ya chakula makusudi. Tumemla. Ila mama mkwe alikuwepo, amekula ugali na mchicha.

#31 Bahasha Tupu

C6 zimeingia. Asanteni.

#32 Mama Kulwa

Fundi, nimepiga pasi zote. Duara halijafutika. Bluu ya pili imeingia nusunusu, sasa pale palipokuwa na mwezi kuna weupe hafifu usio na ukingo, kama kitu kipo nyuma ya kitu. Nimeweka picha moja. Mzee wa Karabai, nipitishie wewe, ukikataa nazichoma.

#33 Mzee wa Karabai

Nimeiangalia, nimempa na mke wangu. Hapo mwezi umefunikwa na wingu. Usiku wa namna hiyo wapo wanaobahatisha, mimi mwenyewe nimewahi kuingia. Peleka.

Lakini taa zipunguze. Wakiingia ni wachache.

#34 Mama Kulwa

Mzee, taa nazo ni nta.